Namna ya kukusanya majina ya nyama za ndani kwa lugha za Mtwara na Lindi

Ukimuuliza bibi wa Ruangwa "bandama kwa Kimwera mnaitaje?", atakujibu. Mgeni haachwi bila jibu. Ila jibu hilo linaweza kuwa jina la kongosho, la pafu, au la kipande chochote cha rangi nzito kinachokaa karibu na tumbo, kwa sababu neno "bandama" si la kila jiko. Wapo wanaosema "wengu", na wapo wengi ambao hukitia kiungo hicho sufuriani na vingine bila kukiita chochote kwa Kiswahili. Wewe unaandika, unashukuru, unaondoka na kosa ambalo litanakiliwa na kila atakayeichukua orodha yako.

Kwa hiyo kazi hii inaanza na mnyama aliyefunguliwa, viungo vikiwa bado mahali pake, na kidole kinachoonyesha. Kiswahili kinaingia mwishoni.

Orodha za kawaida za wanaisimu hazitakusaidia sana hapa. Ile ya Morris Swadesh ya mwaka 1952, ambayo ina maneno kama 200 na inatumika sana duniani kulinganisha lugha, ina tumbo, utumbo, moyo na ini. Figo hazimo, mapafu hayamo, nyongo haimo, bandama haimo. Na hayo ndiyo maneno yanayopotea kwanza katika Kimakonde, Kimwera, Kiyao, Kimakua, Kimatumbi, Kimachinga na Kingindo, maana kijana anayeongea lugha ya kwao vizuri kabisa utamsikia akifika buchani anataja maini na figo kwa Kiswahili.

MNYAMA NA SIKU

Mbuzi jike mzima anafaa kuliko wote. Viungo vyake vinaenea kwenye masinia matatu, tumbo lake lina vyumba vyote vinne, ana mfuko wa nyongo, na ana mji wa mimba ambao beberu hana. Ng'ombe ni mkubwa mno kwa kazi ya meza moja, na figo zake zimegawanyika vinundu vinundu. Aliyezoea figo laini ya mbuzi anaweza kudhani ni kitu kingine. Kuku na samaki wanakuja baadaye, kila mmoja siku yake.

Huna haja ya kununua mnyama kwa ajili ya orodha. Chinjo zipo: Idi, harusi, hitima, siku ya kuwatoa watoto jandoni. Nenda siku moja kabla, piga hodi, salimia wazee shikamoo zao, eleza unachotaka, na uombe dakika 40 kati ya kufungua mnyama na kukatakata. Usiombe zaidi ya hapo. Joto la Mtwara na Lindi haliwasubiri watafiti. Utumbo unaanza kunuka mapema, na nyama ni ya wageni. Kama nyama imepangiwa watu wake, yaani kipande fulani ni cha mjomba na kingine ni cha mchinjaji, uliza kabla hujashika chochote, na uandike mpango huo. Jina la kiungo na mtu anayekistahili mara nyingi hukumbukwa pamoja.

Mnyama anayechinjwa machinjioni lazima akaguliwe na mkaguzi wa nyama, na viungo havitenganishwi na mzoga mpaka amalize. Subiri. Ukiwahi kukata ini au mapafu unamvurugia kazi, kwa kuwa yeye anaangalia minyoo ya ini, majipu na malengelenge ya maji yaliyo ndani ya viungo hivyo. Malengelenge hayo ni ya minyoo ya mbwa, kwa hiyo vipande vilivyokataliwa vichomwe au vifukiwe chini sana, mbwa wasivipate. Mbuzi akikutwa na mimba, usishike kijusi wala maji yake bila glavu: ugonjwa wa kutupa mimba humwingia binadamu kwa njia hiyo.

VIFAA

Masinia matatu, ndoo ya maji safi, kisu kimoja kikali, kijiti kirefu kama mkono cha kuonyeshea, daftari na penseli. Kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi iliyoguswa na mafuta ya mbuzi, na penseli haikuangushi. Kata vibao 30 vya sentimita 5 kwa 5 kutoka kwenye dumu la plastiki, uviandike namba 1 mpaka 30 kwa maka peni. Kila kiungo kinapata namba, na namba hiyo ndiyo inayoonekana kwenye picha, ndiyo inayotamkwa kwenye sauti, ndiyo inayoandikwa daftarini. Bila namba, baada ya wiki utakuwa na picha ya kitu cha kahawia na sauti ya neno, na hutajua kama vinahusiana.

Simu inatosha kurekodi, mradi utumie programu inayohifadhi faili la WAV badala ya ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao hubanwa mpaka tofauti ndogo za matamshi zinakufa. Iweke simu sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni mwa anayesema, pembeni kidogo, isipokee pumzi. Msimu wa kusi, pwani ya Mikindani au Kilwa, upepo ndio adui mkubwa: mwelekeze msemaji aupe upepo mgongo, na simu ikae kwenye kivuli cha kifua chake.

Watu wawili kwa uchache, mwanamke na mwanamume, wote wa kijiji kimoja na lugha moja. Usiridhike na mchinjaji peke yake. Yeye anajua vya kifuani na jinsi ya kutenganisha, lakini anayejua vyumba vya tumbo ni yule anayeviosha, na katika nyumba nyingi huyo ni mama au bibi. Katika orodha nyingi zilizokusanywa kwa wanaume watupu, tumbo zima limepewa neno moja.

KUONYESHA, KWA MPANGILIO

Mnyama akishafunguliwa tumbo, kitu cha kwanza kujitokeza upande wa kushoto ni tumbo kubwa. Anza hapo, uende polepole, maana hapa ndipo penye utajiri.

Tumbo la mbuzi ni vyumba vinne na kila kimoja kina ngozi ya ndani ya aina yake. Kile kikubwa, ambacho ndani kina vinyweleo vifupi vilivyosongamana, wengi wa buchani huita taulo. Mbele yake, karibu na kiwambo (ukuta wa nyama unaotenganisha kifua na tumbo), kuna chumba kidogo ambacho ukuta wake una vijumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Cha tatu ni cha mviringo, kigumu ukikishika, na ndani kina kurasa nyingi zilizopangana. Hiki ndicho watu wengi huita kitabu. Cha nne ni kirefu, laini, chenye mikunjo na utelezi, na ndicho chumba halisi cha kumeng'enya, ambacho kwa mwanambuzi anayenyonya hukutwa na maziwa yaliyoganda. Vionyeshe vyote vinne kwa nje, kabla havijaoshwa, kisha vifungue kimoja kimoja mbele ya wasemaji na uonyeshe tena ndani. Fanya mara zote mbili. Wapo watu ambao hawana jina la chumba kikiwa kimefungwa ila wanalo mara wakiona kurasa, kwa sababu neno lao ni la nyama iliyokwisha kuoshwa. Andika hali ya kiungo ulipokiuliza: kizima, kilichofunguliwa, kilichooshwa.

Kuwa mwangalifu na taulo na kitabu. Msemaji wa Kimakonde akikujibu "kitabu" kwa matamshi ya kwao, hilo si jina la zamani la chumba hicho. Ni Kiswahili cha bucha kilichovaa nguo za Kimakonde. Liandike hivyohivyo, weka alama ya K kando yake kuonyesha kwamba limetoka Kiswahili, kisha uliza: "Bibi, zamani, kabla ya mabucha, wazee walikiitaje?" Ukinyamaza kidogo baada ya swali hilo, mara nyingi jina hutoka.

Juu ya tumbo kubwa, upande wa kushoto, limebandikwa jani la nyama, bapa, la rangi ya zambarau iliyokolea. Hilo ndilo bandama, au wengu. Lionyeshe likiwa bado limeshika tumbo, kwani likishatupwa sinia moja na ini na mapafu, linapotea. Likipotea tayari, kata kipande cha kila kimoja ukitie kwenye ndoo: pafu huelea kwa sababu lina hewa, bandama na ini huzama. Kati ya vile vilivyozama, ini lina mirija mikubwa ndani ukilikata. Bandama ni laini kama sifongo na halina mirija ya namna hiyo.

Kongosho ndilo linalosumbua kuliko vyote. Ni kipande cha rangi ya waridi iliyofifia, chenye vinundu, kilichojificha katika kona ya mwanzo wa utumbo mwembamba karibu na ini, na wachinjaji wengi hulitoa pamoja na mafuta bila kuliangalia. Ukiuliza neno "kongosho" bila kulionyesha, hata msemaji wa Kiswahili wa kuzaliwa anaweza kukupa bandama. Inawezekana pia lugha unayoikusanya haina jina lake kabisa, na hilo ni jibu halali. Andika "halina jina la peke yake", na uandike pia linaitwaje linapotajwa na mafuta yanayolizunguka.

Ini liko upande wa kulia. Mfuko wa nyongo umeshikana nalo kwa ndani. Mwombe mchinjaji aukate akiacha kipande cha ini juu yake. Mfuko ukipasuka, maji yake ya kijani huchafua nyama na uchungu hautoki kirahisi, na wenye nyama watakasirika kwa haki. Hapa kuna maswali mawili, wala si moja: mfuko unaitwaje, na maji yaliyomo yanaitwaje. Kiswahili hutumia "nyongo" kwa vyote, nawe usiichukulie lugha nyingine kwamba itafanya hivyo hivyo.

Figo za mbuzi ni mbili, laini, zimezama ndani ya mafuta mgongoni. Ile ya kushoto husukumwa na tumbo kubwa mpaka karibu na katikati, kwa hiyo usishangae kuzikuta haziko sambamba. Uliza jina la figo, na jina la mafuta yanayoifunika. Kwa utumbo, nyoosha kipande cha utumbo mwembamba (kwa mbuzi mzima unapita mita 15), kisha onyesha utumbo mpana, ile sehemu iliyojiviringisha kama kamba iliyokunjwa, na ule mfuko mpana uliozibwa upande mmoja. Kidole tumbo usikitafute, mbuzi hana.

Kifuani ni kazi ya haraka: moyo, mfuko wake mwembamba, mapafu, koo la hewa lenye pete ngumu, umio (njia ya chakula), kiwambo. Kwa mwanambuzi ongeza kile kipande cheupe cha kifuani na shingoni ambacho hupungua mnyama anapokua. Nyuma: kibofu cha mkojo na mji wa mimba pamoja na pembe zake mbili.

MASWALI MATANO KWA KILA NAMBA

Usitaje jina la Kiswahili. Gusa kwa kijiti, sema namba kwa sauti ili simu iisikie, na ulize "Hiki kwenu kinaitwaje?", kwa lugha yao ukiweza. Kisha, kwa utaratibu uleule kila mara:

1. Litamkwe mara tatu peke yake, na mara mbili katikati ya sentensi, kwa mfano "nimeona ___ la mbuzi jana".
2. Kikiwa kimoja, na vikiwa vingi.
3. Sentensi yenye kivumishi na kitenzi: "___ hili kubwa limeoza." Hii ndiyo inayokupa ngeli.
4. Je, la binadamu linaitwa hivyohivyo? La kuku? La samaki?
5. Kuna jina lingine, la heshima, la utani au la wazee?

Swali la pili na la tatu watu hulipuuza, na ndipo orodha inapokosa thamani. Angalia Kiswahili chenyewe: tunasema "maini" kwa ini la mbuzi mmoja, kana kwamba anayo mengi. Aliyeuliza mara moja tu ataandika "maini" kama umoja. Katika lugha za huku viambishi vya kuangalia ni kama li- na ma- kwa Kiyao na Kimakonde, ni- na ma- kwa Kimakua. Kiyao kina chi- katika umoja na i- katika wingi, wakati Kimakonde kina chi- na vi-. Ukiandika wingi wa Kiyao kwa vi-, umeandika Kiswahili.

Swali la kwanza nalo lina sababu yake. Kimakonde huvuta silabi ya pili kutoka mwisho neno linapofunga kauli. Ukisikia neno likitamkwa peke yake utaandika vokali mbili, na katikati ya sentensi utaikuta moja. Kwa Kiyao mambo ni kinyume: urefu wa vokali hutofautisha maneno, basi ukisikia vokali ndefu hata katikati ya sentensi, iandike ndefu. Kimakua kinatofautisha p na ph, t na th, k na kh, yaani sauti yenye pumzi na isiyo na pumzi. Shika karatasi nyembamba mbele ya mdomo wa msemaji na uangalie kama inatikisika. Na n ya mwanzo katika maneno ya Kimakonde kama ntima ni silabi kamili, usiimeze. Kuhusu toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika neno, mwombe msemaji alipige neno kwa mluzi baada ya kulitamka. Wazee wengi hufanya hivyo bila shida, na mluzi hauna konsonanti za kukuchanganya.

Ukurasa mmoja wa daftari uliokamilika unasomeka hivi:

Namba 4. Kiungo: moyo wa mbuzi, mzima, haujaoshwa. Lugha: Kiyao (P21). Umoja: mtima. Wingi: mitima. Binadamu: neno hilohilo. Kijiji, wilaya, tarehe. Msemaji: mwanamke, umri, kijiji alikozaliwa. Faili la sauti, faili la picha.

P21 ni alama ya lugha katika mpangilio wa mwanaisimu Malcolm Guthrie wa lugha za Kibantu. Kimwera ni P22, Kimakonde P23, Kimakua P31, Kimatumbi P13, Kingindo P14. Iandike daima. Kuna Kimwera cha Lindi na kuna Kimwera kingine cha upande wa Ziwa Nyasa ambacho ni lugha tofauti, na bila alama mtu wa mbali atavichanganya. Kwa Kimakonde ongeza lahaja, mathalani Chinnima, au walau kijiji, kwa kuwa Kimakonde cha Newala na cha ng'ambo ya Ruvuma havifanani kila neno. Jina la msemaji liandikwe kwa ridhaa yake tu.

KULINGANISHA LUGHA

Ukipata lugha mbili au tatu, ziweke safu kwa safu. Moyo ndio mwanzo rahisi: Kiyao mtima, Kimakonde ntima, Kimakua murima, Kichewa cha Malawi mtima. Kiswahili nacho kinalo neno mtima katika lugha ya zamani ya mashairi. Herufi r ya Kimakua haikukosewa: mahali penye t katika lugha jirani, Kimakua mara nyingi kina r, ndiyo maana tatu kwao ni -raru. Hii ni nyenzo ya kazi. Ukikuta katika safu ya Kimakua neno la kiungo linalofanana herufi kwa herufi na la Kiyao, t yake ikiwa palepale, rudi uulize kama limeazimwa.

Kwa viungo vingine, lugha za Kibantu zimegawanyika makundi, na ukijua makundi hayo unajua la kusikiliza. Figo: Kiswahili cha zamani kina nso, Kichewa impso, Kizulu izinso; upande mwingine Kiswahili figo na Kikikuyu higo. Ini: Kiswahili na Kikikuyu wanasema ini, Kichewa chiwindi, Kizulu isibindi. Nyongo: Kiswahili nyongo, Kizulu inyongo, lakini Kichewa ndulu. Mapafu: Kichewa mapapo, Kizulu amaphaphu. Usimsomee msemaji maneno haya ili achague. Atachagua. Yaweke kichwani, na ukisikia kitu chenye sura ya mojawapo, hakikisha umekisikia vizuri.

Wazee wa Newala, Tandahimba na Masasi waliowahi kuishi Msumbiji huchanganya Kireno, na hapa pana mtego mbaya. Kwa Kireno ini ni fígado, na figo ni rim. Mzee akisema kitu kinachoanza na "figa-", mkusanyaji aliyezoea Kiswahili huandika figo, wakati kiungo kilicho mkononi ni ini. Kijiti na namba vinakuokoa. Maneno mengine ya Kireno ya kuyatambua: coração kwa moyo, baço kwa bandama, moela kwa firigisi, tripas kwa utumbo. Yawekee alama ya R na uendelee.

KUKU, SAMAKI, PWEZA

Kuku anaongeza vitu vitatu: mfuko wa chakula wa shingoni, firigisi, na ngozi ya njano inayobanduliwa ndani ya firigisi. Kila kimoja kinaweza kuwa na jina lake. Mapafu ya kuku yamejibana kwenye mbavu na figo zimezama kwenye mifupa ya kiuno, kwa hiyo mpishi anaweza kusema kuku hana figo. Mchimbulie kwa ncha ya kisu umwonyeshe, ndipo uulize.

Samaki waulize kwa wavuvi, si bara. Matamvua, kibofu cha hewa, mayai ya jike, na ile damu nyeusi inayokwanguliwa kwenye uti wa mgongo, ambayo ndiyo figo. Papa hana kibofu cha hewa. Ana ini kubwa lenye mafuta mengi, na mafuta yake ndiyo sifa inayopakwa majahazi. Kwa wavuvi wa Lindi na Kilwa, jina la ini la papa na jina la mafuta yake yaulizwe kando, na uulize pia kitenzi cha kuyatoa. Pweza ana mioyo mitatu, ila mvuvi hana sababu ya kuihesabu. Kinachoitwa kichwa cha pweza ndicho chenye matumbo na mfuko wa wino, nacho hugeuzwa ndani nje wakati wa kusafisha. Uliza jina la kile kifuko cha wino, la wino wenyewe, na la kitendo cha kugeuza.

PANAPOHARIBIKA

Neno moja likifunika viungo viwili, usimlazimishe msemaji kulitenganisha. Ukimsukuma atatunga, kama "utumbo mdogo wa pili", na utakuwa umeandika sentensi badala ya jina. Lugha kukusanya bandama na kitu kingine chini ya neno moja ni habari muhimu kuliko neno la kutunga.

Wasemaji wawili wakibishana, andika majina yote mawili na nani kasema lipi. Mara nyingi wote wako sahihi: mmoja katoa jina la kiungo, mwingine kataja chakula chake. Kiswahili cha mjini kinafanya hivyohivyo, ambapo "utumbo" buchani unaweza kuwa pamoja na lile tumbo la taulo.

Viungo vya uzazi na njia ya haja usiviulize mbele ya mchanganyiko wa wanawake na wanaume, wala mbele ya mkwe. Kila upande uulizwe peke yake, na anayeuliza awe wa jinsia hiyo. Ukikiuka hili hutapata hata majina mengine.

Moyo uutenge na roho. Uliza kwanza nyama yenyewe. Misemo ya huruma, hasira na woga iandikwe ukurasa mwingine, kwa kuwa kiungo kinachobeba hisia katika lugha moja huenda si moyo. Kwa Kizulu isibindi, yaani ini, ndilo pia neno la ujasiri.

KUHAKIKI NA KURUDISHA

Siku hiyohiyo jioni, panga faili: lugha, kijiji, namba, tarehe, kwa mfano kiyao_masasi_04_mtima.wav. Nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Kisha, baada ya wiki moja hivi, rudi kijijini na picha zilizochapwa, bila majina. Safari hii geuza kazi: wewe tamka neno lao, wao waonyeshe picha. Fanya hivyo na watu watatu ambao hawakuwepo kwenye chinjo. Wote watatu wakionyesha picha moja, neno limepita. Wawili wakikubaliana, weka nyota na utafute wa nne. Wakitawanyika, lirudishe kwenye orodha ya kuuliza tena chinjo likitokea.

Hapo ndipo safu ya Kiswahili inajazwa, na safu ya matumizi pia. Zahanati ya kijiji inahitaji sana maneno ya bandama, figo, nyongo na kibofu. Bandama huvimba kwa malaria, na bibi anayeelezea maumivu kwa Kimwera kwa muuguzi aliyetoka Mbeya anastahili kueleweka kiungo kwa kiungo. Chapa karatasi moja ya A4 yenye mchoro wa mwili na majina, wape zahanati, shule ya msingi na ofisi ya kijiji, na nyingine iachwe kwa wale waliokupa maneno.

Namba iliyobaki tupu iandikwe "halijapatikana", pamoja na kijiji, tarehe na umri wa walioulizwa, ili anayefuata ajue limekwisha kuulizwa na aanzie kwa wazee wa kijiji kingine.